Sukari Katika Ujauzito: Namna ya Kupima, Kuandika na Kufuata Vipimo Vyako

Kwa miaka niliyofanya kazi ya ukunga hapa Moshi, na hata sasa ambapo akina mama hunipigia simu kutoka Arusha, Machame na Himo, maswali kuhusu sukari ya ujauzito hayabadiliki. Mmoja amepima asubuhi akapata 5.6, naye hakulala usiku uliofuata. Mwingine ameambiwa na jirani kwamba asipoacha wali atazaa mtoto mwenye kisukari, na mwingine hajapimwa kabisa kwa sababu anaogopa majibu. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mama anayeanza, aliyeambiwa kwamba ana kisukari cha ujauzito au anayehofia kwamba anacho, na anataka kujua afanye nini kesho asubuhi.

Naomba ushike jambo moja unapousoma. Namba moja haitoi hukumu juu yako wala juu ya mtoto, na anayeweza kukuongoza vizuri ni mtu aliyeona namba za wiki nzima zikiwa zimeandikwa pamoja na ulichokula.

Nadharia yenyewe ni fupi. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini ya mama, yaani homoni ya kongosho inayoshusha sukari ya damu, na kadiri mimba inavyokua ndivyo kongosho linavyotakiwa kutoa insulini zaidi. Kongosho la baadhi ya akina mama halifikii kiwango hicho, kwa hiyo sukari hupanda. Sukari iliyozidi hupita kwenye kondo hadi kwa mtoto, naye huitengenezea insulini yake mwenyewe na kunenepa, jambo linaloweza kuleta mabega kukwama wakati wa kujifungua na sukari ya mtoto kushuka saa chache baada ya kuzaliwa. Mama naye huwa katika hatari kubwa zaidi ya shinikizo la damu na kifafa cha mimba. Yote haya hupungua sana sukari ikidhibitiwa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kadi yako ya kliniki, ambayo utakwenda nayo kila mahali.
- Glukomita, yaani mashine ndogo ya kupima sukari, pamoja na stripu zinazolingana nayo. Uliza bei ya stripu kabla ya kununua mashine, kwa sababu mashine hununuliwa mara moja lakini stripu zitakugharimu kila wiki, na stripu za mashine moja hazifanyi kazi katika nyingine.
- Visindano vya kutobolea kidole, na chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko ya kuvitupia baada ya kuvitumia.
- Sabuni, maji, na kitambaa safi kilichokauka.
- Daftari na kalamu. Simu inaweza kusaidia, lakini daftari halizimiki chaji siku ya kliniki.
- Saa, au simu unayoweza kuitegesha ikukumbushe.

Kama huwezi kununua mashine, usikate tamaa na usiache hatua zilizobaki. Mwambie muuguzi wa kliniki waziwazi, mpange siku za kwenda kupimiwa kituoni, na kama una bima uliza inalipia nini. Nimewaona akina mama wawili wa mtaa mmoja wakichangia mashine; hilo linawezekana ikiwa kila mmoja ana visindano na kifaa chake cha kutobolea, na mashine inasafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu kila inapohama mkono. Kisindano hakichangiwi kamwe.

Hatua kwa hatua

1. Anzisha mazungumzo katika hudhurio la kwanza. Usisubiri kuulizwa. Mwambie mkunga kama mzazi wako au ndugu wa kuzaliwa naye ana kisukari, kama uliwahi kujifungua mtoto wa kilo 4 au zaidi, kama uliwahi kupoteza mtoto tumboni bila sababu kujulikana, kama uzito wako ulikuwa mkubwa kabla ya mimba, au kama uliwahi kuambiwa una kisukari katika mimba iliyopita. Mwenye mojawapo ya haya huhitaji kupimwa sukari mapema, kwani sukari iliyo juu tangu miezi ya kwanza huenda ikawa ni kisukari kilichokuwapo kabla ya mimba.

Angalizo: kijiti cha mkojo hakitoshi. Figo za mjamzito huachia sukari kwenye mkojo kwa urahisi zaidi, hivyo mama mzima anaweza kuonekana anayo, na mama mwenye kisukari cha ujauzito anaweza kuonekana hana. Kipimo cha damu ndicho cha kutegemea.

2. Fanya kipimo cha kunywa glukosi kati ya wiki ya 24 na ya 28. Wakati huo homoni za kondo zimeshapata nguvu, na ndiyo sababu majibu mazuri ya mwezi wa tatu hayakuondolei haja ya kipimo hiki. Si kila zahanati inayokifanya, kwa hiyo uliza mapema ili kama ni lazima upewe rufaa uende hospitali kubwa zaidi. Rufaa za mkoa upande wa Moshi huelekea hospitali ya Mawenzi, na juu yake hospitali ya kanda ya KCMC. Upande wa Arusha huelekea hospitali ya Mount Meru.

Kwa siku tatu kabla ya kipimo kula kama ulivyozoea, wala usijinyime wanga ili "upate majibu mazuri", kwa sababu kujinyima huko huweza kuyapotosha. Usiku wa mwisho maliza kula saa tatu, kisha usiweke kitu kinywani isipokuwa maji hadi utakapochukuliwa damu asubuhi. Muda huo wa kutokula usipungue saa nane kwa jumla. Utatolewa damu ya kwanza, utapewa gramu 75 za glukosi zilizokorogwa katika maji, nawe utazinywa ndani ya dakika tano hivi. Damu huchukuliwa tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Katika muda huo ukae. Usitoke kwenda sokoni, usitafune chochote, na ukitapika mwambie mpimaji, kwa sababu kipimo hicho kitakuwa kimeharibika.

Kosa ninalokutana nalo zaidi ni la chai. Mama anatoka Old Moshi alfajiri, kuna baridi, anakunywa kikombe "kidogo tu" cha chai ya maziwa ndipo apande gari. Kikombe hicho kimeshafuta kipimo chote. Ukiwa umekunywa, sema ukweli upangiwe siku nyingine, usije ukaanzishiwa matibabu ya ugonjwa ambao huna.

3. Soma majibu yako kwa utulivu. Kwa vigezo vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2013, kisukari cha ujauzito huthibitishwa kama namba mojawapo kati ya hizi imefikiwa: 5.1 kabla ya kunywa glukosi, 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili. Namba zote ni za milimoli kwa lita, zinazoandikwa mmol/L. Ikifika 7.0 kabla ya kula, au 11.1 baada ya saa mbili, hicho ni kisukari kamili na hushughulikiwa kwa haraka zaidi.

Kama majibu yako yameandikwa kwa mg/dL, yaani miligramu kwa desilita, gawanya kwa 18 upate mmol/L. Mama mmoja aliwahi kunipigia simu akilia kwamba sukari yake ni 92, kumbe ni 5.1: ndiyo, ilikuwa mpakani, lakini haikuwa ile balaa aliyoifikiria njia nzima. Angalia kipimo kilichoandikwa kando ya namba kabla hujaogopa.

4. Jifunze kujitoboa kwa usahihi. Nawa mikono kwa sabuni na maji, kisha ikaushe kabisa. Hili si suala la usafi tu. Vidole vilivyomenya embe au kushika muwa hubaki na sukari inayoweza kukupa namba ya kutisha ambayo haimo katika damu yako. Spiriti inafaa ikiwa utaiacha ikauke, lakini haiondoi sukari ya matunda vizuri kama maji na sabuni.

Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, si katikati, kwa sababu ubavuni maumivu ni machache. Badilisha vidole. Acha mkono uning'inie kidogo ili damu ishuke, minya kwa upole kuanzia chini ya kidole, kisha gusisha tone kwenye ncha ya stripu. Ukikamua kwa nguvu, majimaji ya mwilini huchanganyika na damu na kupotosha namba. Funga kopo la stripu mara moja baada ya kutoa moja, na usitumie zilizopitwa na tarehe.

5. Pima kwa saa zilezile kila siku. Ratiba ya kawaida ni mara nne: asubuhi kabla ya kula chochote, kisha baada ya chai ya asubuhi, baada ya chakula cha mchana na baada ya chakula cha usiku. Baada ya mlo chagua pamoja na mkunga wako kama utapima baada ya saa moja au baada ya saa mbili, na ubaki na uchaguzi huo. Saa huhesabiwa tangu tonge la kwanza, si tangu uliponawa mikono baada ya kumaliza. Wanaoanza wengi hukosea hapa.

Malengo yanayotumika sana ni haya:

- Asubuhi kabla ya kula: chini ya 5.3.
- Saa moja baada ya kuanza kula: chini ya 7.8.
- Saa mbili baada ya kuanza kula: chini ya 6.7.

Daktari wako akikupa malengo tofauti kidogo, fuata yake. Wengi huuliza kwa nini mtu hutambuliwa kuwa na ugonjwa kwa 5.1 na halafu akaambiwa lengo ni chini ya 5.3. Namba ya kwanza ni ya maabara na kazi yake ni kutambua nani ahudumiwe, ilhali ya pili ni ya matibabu ya kila siku, hazikuwekwa zilinganishwe.

Tambua pia kwamba glukomita nzuri inaruhusiwa kupishana na maabara kwa takriban asilimia 15. Kwa hiyo 5.2 ya jana na 5.5 ya leo huenda ni kitu kilekile. Usijitoboe vidole vitano mfululizo ukitafuta namba inayokufurahisha.

6. Andika namba, na kando yake chakula. Hatua hii hurukwa na wengi, nami naiona kuwa muhimu kuliko zote baada ya kipimo chenyewe. Mstari unaosema "Jumanne, 8.6" hauna msaada. Mstari unaosema "Jumanne, saa moja baada ya chai, 8.6, chapati mbili, chai ya maziwa yenye vijiko viwili vya sukari, sikulala vizuri" unamwonyesha mkunga pa kushika. Baada ya siku saba utaanza kuona mwenyewe kwamba tatizo lako liko asubuhi tu, au liko siku za ibada na sherehe, au liko kwenye wali na si kwenye ndizi kama ulivyodhani.

Tafadhali usiandike namba nzuri peke yake. Daftari la kupendeza lililofichwa namba mbaya limewahi kumchelewesha mama kupata dawa aliyoihitaji, nami sikumlaumu, kwa maana alikuwa anaogopa kugombezwa. Mkunga anayekugombeza kwa sababu ya namba amekosea yeye.

7. Badilisha sahani, usiiondoe mezani. Chakula chetu cha Kilimanjaro na Arusha kinafaa kabisa. Kinachohitaji kubadilika ni vipimo vyake. Gawa sahani kwa macho: nusu iwe mboga, robo iwe wanga, robo iwe nyama, samaki, mayai au maharage. Ugali usizidi ukubwa wa ngumi yako, na dona ni afadhali kuliko sembe, ingawa dona nyingi bado ni wanga mwingi. Mnavu, mchicha, kabeji, bamia na figiri unaweza kula kwa wingi. Parachichi halipandishi sukari sana, na lipo karibu kila nyumba.

Mtori na machalari ni ndizi kwanza na nyama baadaye, kwa hiyo geuza: punguza ndizi, ongeza nyama na mboga, na utumie ndizi mbichi, kwa kuwa kadiri ndizi inavyoiva ndivyo wanga wake unavyogeuka sukari. Kiburu kina faida ya maharage yake, nayo makande yenye maharage mengi kuliko mahindi ni chakula kizuri, mradi bakuli liwe moja. Kwa wenzetu wa Arusha wanaopenda loshoro, maziwa mgando yasitiwe sukari, na mahindi yapimwe kama ugali unavyopimwa.

Uji unahitaji aya yake mwenyewe, kwa sababu mama mkwe huuleta kwa upendo. Uji wa ulezi, au uji wa lishe uliosagwa laini, huyeyushwa haraka tumboni na unaweza kupandisha sukari kuliko mtu anavyotarajia, hata usipotiwa sukari. Kunywa kikombe kidogo pamoja na yai au karanga, upime baada ya saa moja, na daftari litakuambia kama unakufaa. Asali na sukari guru ni sukari. Juisi ya matunda, hata ile uliyokamua mwenyewe, hupandisha haraka kuliko tunda lenyewe. Soda na juisi ya miwa ziache hadi ujifungue, na mbege iache kwa sababu ni pombe.

Kula milo mitatu midogo na vitafunio viwili au vitatu katikati, kama karanga, yai au kipande cha tunda. Asubuhi ndipo mwili huhimili wanga kwa shida zaidi, kwa hiyo badala ya maandazi matatu kula kipande kimoja cha kiazi au chapati moja ndogo pamoja na mayai na mboga.

Angalizo: usijinyime chakula. Mama akikaa na njaa muda mrefu mwili huanza kuchoma mafuta na kutoa ketoni, ambazo hazimfai mtoto. Ukiona uzito unashuka, unajinyima kupita kiasi.

8. Tembea baada ya kula. Dakika 10 hadi 15 kwa mwendo wa kuzungumza bila kuhema zinatosha, mara tatu kwa siku. Chagua njia tambarare. Si lazima upande vilima vya Ilboru au Kibosho. Kama una damu inayotoka, kondo limekaa chini, au umeambiwa upumzike, uliza kwanza.

9. Peleka daftari kliniki na uwe tayari kwa dawa. Kama baada ya wiki moja au mbili za hatua hizi namba zako nyingi bado zinavuka malengo, utaongezewa vidonge vya metformin vya kushusha sukari, au sindano za insulini. Wengi hulia wakisikia insulini, wakidhani wameshindwa au kwamba hawataiacha maisha. Insulini yenyewe haivuki kondo kwa mtoto, na akina mama walio wengi huacha kuitumia mara tu baada ya kujifungua. Mahitaji huongezeka kadiri mimba inavyokua, kwa hiyo kupandishiwa dozi mwezi wa nane si dalili kwamba umekosa nidhamu.

Mambo yasipokwenda kama ulivyotarajia

*Asubuhi iko juu ingawa usiku nilikula kidogo.* Usiku ini huachia sukari, na hilo halitegemei sana ulichokula jioni. Jaribu kitafunio kidogo chenye protini kabla ya kulala, na uhakikishe umelala vya kutosha. Isiposhuka kwa siku kadhaa, nenda kliniki, maana hii ndiyo namba inayoitikia chakula kwa shida zaidi na mara nyingi huhitaji dawa.

*Namba imeruka ghafla bila sababu.* Nawa mikono, kausha, pima tena mara moja kwa kidole kingine. Angalia tarehe ya stripu, na kama mashine yako hutumia namba ya msimbo, hakikisha inalingana na ya kopo.

*Mashine inaonyesha kosa alfajiri.* Mashine nyingi hufanya kazi katika joto la nyuzi 10 hadi 40 hivi. Katika baridi ya Juni na Julai kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro, mashine iliyolala dirishani hukataa. Iache chumbani penye joto kwa dakika 20, na upashe mikono yako kwa maji ya uvuguvugu.

*Sina friji ya kuhifadhia insulini.* Chupa ambazo hujazifungua huhitaji nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo omba zihifadhiwe kituoni. Unayoitumia hukaa takriban wiki nne chini ya nyuzi 30, lakini joto la Moshi kati ya Januari na Machi linaweza kuvuka hapo. Iweke ndani ya mfuko mkavu katika chungu kilichozungukwa na mchanga uliolowanishwa, kivulini. Isigandishwe.

*Natetemeka, natoka jasho, nasikia njaa kali.* Kama unatumia insulini, pima. Ikiwa chini ya 3.9, au huwezi kupima, kunywa maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, pima tena baada ya dakika 15, na ikipanda kula chakula.

*Nimeletewa dawa ya mitishamba.* Usiinywe kabla ya kumwonyesha mkunga. Shubiri, kwa mfano, inaweza kuchochea mji wa mimba.

*Nenda hospitali leo, bila kusubiri tarehe ya kliniki,* kama mtoto anacheza kidogo kuliko kawaida yake, kama kichwa kinauma sana au macho yanaona giza, kama uso na mikono vimevimba ghafla, au kama sukari imevuka 11 na una kiu kali au unatapika. Ukiwa unaishi mbali na barabara ya lami, panga usafiri huo sasa.

*Nimejifungua na sukari imerudi sawa, je, yamekwisha?* Mwanzishie mtoto ziwa ndani ya saa ya kwanza, na umkumbushe mkunga kwamba sukari ya mtoto ipimwe. Kwa upande wako, bado una deni la kipimo kimoja cha kunywa glukosi kati ya wiki ya 6 na ya 12, kwa sababu aliyepata kisukari cha ujauzito yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha kudumu miaka ya mbele. Njia rahisi ya kutokisahau ni kukifunga na chanjo: andika kwa kalamu kwenye kadi ya mtoto, kando ya chanjo ya wiki ya sita, "mama apimwe sukari", na siku hiyo ondoka nyumbani bila kunywa chai.